Mfundishe kufumua kwanza

Mtoto ana miaka sita. Robo saa nzima amekuwa akizungusha uzi mwekundu kwenye kipande cha boksi, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Mtu mzima aliyeketi naye amefunga fundo la katikati, na sasa mkasi unakabidhiwa. Mtoto anakata upande wa kwanza, anakata wa pili, anainua juu pompomu yake, kile kishada cha duara cha nyuzi, na nyuzi zote zinamwagika mkekani. Mkononi kimebaki kile kiuzi cha kufungia tu, na fundo lake.

Anautazama mkeka. Kisha anamtazama mtu mzima.

"Usijali, tutatengeneza nyingine," anaambiwa. Na kweli nyingine inatengenezwa, ila safari hii mikono inayozungusha, inayofunga na inayokata ni ya mkubwa. Mtoto kazi yake ni kushika donge la uzi.

Picha hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Yeyote aliyewahi kukaa na watoto na uzi ameiona. Kinachonisumbua ni kwamba pompomu ndiyo inayotolewa kuwa kazi ya kwanza, likizo baada ya likizo, kwa kuwa ni ya haraka na inapendeza. Lakini katika kazi nyepesi za uzi, ni ya zile zinazomalizika kwa mkasi. Ikiharibika, hairudi.

## Kwa nini zilimwagika

Mtoto hakukosea popote. Sababu zilikuwa tatu na zote ziko upande wa mkubwa.

Uzi wa kufungia ulikuwa uleule uliozungushwa, wa akriliki, yaani wa kiwandani usio pamba wala sufu. Akriliki inavutika: unaikaza, unadhani umebana, kumbe umeirefusha tu, na kabla hujaweka fundo la pili lile la kwanza limeshalegea. Pili, mizunguko ilikuwa kama arobaini. Nyuzi za pompomu hushikana kwa kubanana, na arobaini hazitoshi kubanana. Tatu, uzi wenyewe ulikuwa wa kung'aa na kuteleza, aina inayomvutia mtoto dukani na kumtoroka mkononi.

Yote matatu yanarekebishika, na nitayarudia mbele. Ila kurekebisha fundo hakujibu swali la kwa nini tuanze na kazi ambayo kosa lake halina dawa.

## Nywele zinavyofundishwa

Jibu lilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yoyote ambayo watu husukana.

Hakuna msichana anayeanza kwa kusuka. Anaanza kwa kufumua. Dada amekaa chini kwenye mkeka, mdogo wake yuko nyuma yake na mkia wa kitana, anafungua msuko mmoja mmoja kutoka nchani kwenda juu. Hakuna anayemwita mwanafunzi. Lakini mwezi baada ya mwezi vidole vyake vinapita njia ya msuko kinyumenyume, na siku atakapopewa mafungu matatu ya nywele asuke, njia hiyo anaijua tayari.

Lugha yenyewe imeviweka viwili hivi kwenye shina moja. Fuma, fumua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Sokota, sokotoa.

Kata haina mwenzake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtoto na uzi iwe ile inayofumuka vizuri kuliko zote.

## Mnyororo wa vidole

Hauhitaji sindano wala ndoano ya kroshia. Unahitaji uzi mnene, usiong'aa, wa rangi nyepesi. Rangi nyeusi na bluu ya kiza huficha vitanzi hata kwa macho ya mtu mzima, na mtoto asiyeona kitanzi chake atasema kazi ni ngumu, kumbe rangi ndiyo ngumu.

Kata uzi wa pima moja, lakini pima ya mtoto mwenyewe: anyooshe mikono yote miwili, kutoka ncha hadi ncha. Urefu huo unakaribiana na kimo chake, kwa mwenye miaka sita kama sentimita 115. Kipimo hiki kina maana. Uzi usiozidi pima yake anaweza kuuvuta wote kwa mkupuo mmoja wa mkono. Unaozidi hapo unabaki sakafuni, na unaobaki sakafuni unatatana.

Funga mkia wa uzi kwenye mguu wa kiti, ukiacha kama shibiri moja, kisha utengeneze kitanzi. Duara dogo, uzi ukipita juu yake wenyewe. Ingiza vidole viwili ndani ya duara, kamata uzi ulio huru, uvute kidogo, kaza. Hilo ndilo fundo pekee ambalo mkubwa anafunga. Sasa mtoto anaingiza kidole gumba na cha shahada kwenye kitanzi, anakamata uzi ulio huru, anauvuta upite ndani. Kitanzi kipya kimetokea na cha zamani kimekuwa pingili. Anaingiza tena, anakamata, anavuta.

Kufunga mkia kitini kunaondoa kosa kubwa kuliko yote, lile la mtoto kukamata mkia badala ya uzi ulio huru na kubana kila kitu kuwa fundo. Pia kunampa kitu cha kuvutia dhidi yake, kwa hiyo mkono wa pili uko huru kushika kitanzi.

Kosa la pili ni kuvuta mpaka ncha nzima ikapita. Hapo mnyororo umejifunga. Usimkemee, utakuwa umepata mfano wa somo linalofuata.

Pingili zikiwa kubwa na ndogo, ziache.

Mnyororo ukifika urefu wa shibiri, mwambie atoe vidole na avute uzi ulio huru. Pingili zote zinapasuka moja baada ya nyingine, harakaharaka, na uzi unarudi kuwa uzi. Watoto wengi hucheka hapo, kisha hufuma upya ili wafumue upya. Waache. Mara ya tatu au ya nne, wakati ameshazoea kuuona ukimkimbia, mwonyeshe kupitisha ncha ndani ya kitanzi cha mwisho na kukaza. Avute sasa. Hautoki.

Hapo ndipo anaelewa fundo la kumalizia ni la nini. Asiyewahi kuona kazi ikifumuka, fundo la mwisho kwake ni amri tu ya mkubwa.

Mnyororo hula uzi mara tatu hadi nne ya urefu wake. Pima moja ya mtoto wa miaka sita itatoa shibiri moja na nusu hivi: bangili, na kipande cha kufungia.

## Lakini si kila mtoto anacheka

Hapa nilisita.

Wapo watoto ambao kufumua kwao ni kufiwa na kitu. Amefuma shibiri nzima, unamwambia avute, macho yanajaa machozi. Huyo usimlazimishe. Fuma wako pembeni yake na uufumue wako, mara mbili, bila kumwambia chochote. Mnyororo wake ufungwe na avae. Atajaribu siku atakayotaka mwenyewe.

Na kuna sheria moja ambayo sioni namna ya kuilegeza: anayefumua ni mwenye kazi. Kaka hafumui ya mdogo wake kwa mchezo. Mkubwa naye hafumui ya mtoto usiku, wakati mtoto amelala, ili airekebishe na kuirudisha ikiwa imenyooka. Hili la usiku linafanywa kwa mapenzi, najua. Lakini asubuhi mtoto anakuta kazi ambayo si yake, na watoto hutambua. Anakumbuka vizuri palipokuwa na kosa.

## Uzi ukitatana

Utatatana. Na mkasi utaitwa.

Tatizo limetokana na kutata, na kulimaliza tunasema kutatua, kwa hiyo mtoto anayekaa na donge lililochafuka anafanya kazi ambayo jina lake tunalitumia kila siku kwa mambo makubwa. Jambo la kumweleza ni hili: donge lililotatana kwa kawaida halina mafundo. Fundo huhitaji ncha kupita ndani ya kitanzi, na mara nyingi ncha hazijapita popote. Ni vitanzi tu vilivyolaliana. Ukivuta ncha unavibana, ndipo mafundo ya kweli yanazaliwa.

Kwa hiyo asivute. Aweke donge lote juu ya kitambaa, atumie vidole vya mikono yote miwili kulilegeza kutoka nje, akipanua matundu mpaka donge liwe pana kama sahani. Ndipo atafute ncha. Kila kipande kinachotoka kikunjwe papo hapo kwenye kipande cha boksi, kwa sababu uzi uliofunguliwa na kuachwa pembeni unarudi kutatana na wenzake. Dakika kumi zinatosha kwa mtoto. Zilizobaki ni kesho.

Kinga yake ni rahisi. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, weka donge ndani ya nusu ya juu, pitisha uzi mdomoni mwa chupa, kisha zibandike nusu mbili kwa selotepu. Donge linazunguka ndani bila kukimbia chini ya kabati, na watoto wawili hawachanganyi nyuzi zao.

## Vidole vinne

Mnyororo ukishakuwa mwepesi, karibu na miaka saba, kiganja kizima kinaingia kazini. Mkia wa uzi unashikwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Uzi unapita mbele ya cha shahada, nyuma ya cha kati, mbele ya cha pete, nyuma ya cha mwisho, unakizunguka na kurudi ukijaza nafasi zilizorukwa. Rudia mara moja zaidi, kila kidole kiwe na vitanzi viwili. Sasa kitanzi cha chini kinanyanyuliwa kupita juu ya cha juu na kuachwa nyuma ya kidole, kimoja kimoja. Zungusha tena mstari mmoja, nyanyua tena.

Mistari minne ya kwanza haionyeshi kitu chochote cha maana, na hapo ndipo wengi huacha. Mwambie mapema. Baada ya mstari wa tano avute mkia nyuma ya mkono, nao ufumaji utajikusanya kuwa utepe.

Kinachoharibika ni mkazo. Mtoto anayeogopa kitanzi kumtoka hubana, na kitanzi kilichobana hakinyanyuki. Kizungushe kiwe legelege kiasi cha penseli kupita. Ukiona ncha za vidole zimebadilika rangi au zimepoa, acha kila kitu na ulegeze hapo hapo. Akiitwa kula, vitanzi vinne vihamishiwe kwenye penseli kwa mpangilio uleule, na mkia wa uzi ubaki upande uleule. Akirudi anavivaa tena.

Na kwa wadogo wa chini ya miaka mitatu: hakuna uzi unaozidi shibiri wanaoachiwa peke yao, wala mkufu wa uzi shingoni wakati wa kulala.

Mtoto anayetumia mkono wa kushoto mketishe mbele yako kama unatumia wa kulia, si kando yako. Akiiga anachokiona, kama kwenye kioo, mikono yake inaangukia mahali pake.

## Kosa la kuacha na kosa la kufumua

Ufumaji wa boksi ndio unaoleta swali hili waziwazi.

Kata boksi gumu la sentimita 12 kwa 18. Pande mbili fupi zichanwe mikato kumi ya nusu sentimita kwenda ndani, mmoja kila sentimita. Mtande, yaani nyuzi za urefu zinazoshikwa na mikato hiyo, uwe uzi wa pamba usiovutika, mita mbili na nusu zinatosha. Akriliki ikitandwa hulegea katikati ya kazi. Mshindio, ule unaopita juu na chini ya mtande, ndio uzi mnene wa rangi. Sindano ya plastiki ni nzuri, lakini ncha ya uzi iliyozungushiwa selotepu ikawa ngumu kama ya kamba ya kiatu inafanya kazi ileile.

Watu wengi hupendekeza nyuzi za mtande ziwe witiri. Kwa mtoto anayeanza mimi nashikilia shufwa. Zikiwa kumi, kila mstari unaanza kwa "juu": juu, chini, juu, chini, unaishia chini, unageuka, na uzi wa kwanza kurudi ni juu tena. Zikiwa kumi na moja, mstari mmoja unaanza juu na unaofuata chini, na mtoto wa miaka saba aliyeinua kichwa kusikiliza jirani amepotea.

Kosa maarufu ni kiuno. Kazi inaanza na upana wa sentimita tisa na kufikia katikati imebaki sita, kwa sababu mshindio umevutwa ukanyooka. Uzi unaopanda na kushuka unahitaji urefu zaidi ya ulionyooka. Aulaze kama upinde, kilima kidogo katikati, kisha aushindilie chini kwa uma. Upinde ndio akiba yake.

Sasa, ameruka nyuzi mbili badala ya moja, na umegundua baada ya mistari minne. Afumue? Kipimo ninachokiona cha haki ni kimoja: kosa hili litashika au litaachia? Kuruka nyuzi mbili kunashika. Ni alama tu, iache, na usiitaje kama hajaitaja. Lakini akiwa ameusahau uzi wa mtande wa pembeni mistari mitatu mfululizo, ukingo huo utaachia kazi ikitolewa boksini. Huo mwonyeshe, uvute kidogo auone unavyocheza, na umwachie uamuzi. Aliyeanza na mnyororo hufumua mistari mitatu bila kuomboleza. Aliyeanza na pompomu hutafuta mkasi.

## Kamba ya watu wawili

Hii ni ya siku ambayo watoto wanagombana, kwa sababu haiwezekani peke yako.

Nyuzi tatu za mita mbili zifungwe pamoja ncha zote mbili. Kila mtoto ashike ncha yake na penseli iliyopitishwa kwenye fundo, wasimame wakitazamana, uzi ukiwa umenyooka. Wote wasokote kama wanaofunga kifuniko cha chupa. Kila mmoja kwa upande wake. Wakiangaliana na kufuatishana mikono, mmoja atakuwa anasokota na mwenzake anasokotoa, na dakika tano zitapita bila kitu.

Uzi ukianza kujikunjakunja ukilegezwa kidogo, mtu wa tatu ashike katikati, wawili wasogeleane bila kulegeza, waunganishe ncha. Yule wa katikati aachie taratibu. Kamba inajisuka yenyewe, kwa sababu msokoto wa kila nusu unataka kurudi na unakutana na mwenzake. Mita mbili zitatoa kamba ya sentimita 80 hivi. Wanawake wa Unguja na Pemba husokota makumbi ya nazi kwa nguvu hiyohiyo, na vile vigae vya duara vyenye tundu vilivyochimbuliwa kwenye miji ya kale ya Kilwa na Shanga (kisiwani Pate) vilikuwa vya kusokotea pamba, karne nyingi kabla ya akriliki.

Mara ya kwanza watalegeza mapema na itakuwa fujo. Isokotoeni, muanze upya. Uzi ni uleule.

## Pompomu inaporudi

Irudi, kwa nini isirudi? Lakini irudi ikiwa na mahali pa kujaribu kabla ya mkasi.

Boksi la mraba, sentimita 8 kila upande. Katikati ya ukingo wa juu chana mfereji wa upana wa sentimita moja na nusu, ushuke sentimita 6. Laza uzi wa kufungia ndani ya mfereji kabla ya kuzungusha: uzi wa fundi viatu au uzi wa pamba mgumu, shibiri mbili. Mtoto azungushe uzi mnene kwa upana, akivuka mfereji, mizunguko 120. Itakula karibu mita 20. Ahesabu kwa makumi, na kila kumi apige mstari kwenye karatasi.

Fundo ni la watu wawili. Ncha zipitishwe mara mbili katika hatua ya kwanza ya fundo, si mara moja. Msuguano huo wa ziada ndio unaozuia kulegea wakati wa kuweka la pili. Kisha zunguke upande wa pili na kufungwa tena.

Sasa itoeni kwenye boksi. Usiguse mkasi. Mtoto avute vitanzi kumi, hapa na pale. Kikisogea hata kimoja, fundo linafunguliwa na kufungwa upya. Visiposogea, akate, kwa mkasi ambao haujakata karatasi, maana mkasi butu hukunja uzi badala ya kuukata na mtoto huvuta kwa hasira. Kunyoa kuwe kwa kuzungusha pompomu, si mkasi.

## Uzi uliofumuliwa

Baada ya wiki ya fuma-fumua, uzi huwa na mawimbi, na mtoto anaufuma ukiwa na kiburi cha kukataa kulala. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe shada kubwa, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine, legelege, ili usitatane. Utumbukize kwenye maji ya vuguvugu kwa robo saa. Uukamue kwa taulo bila kuusokota, uutundike kivulini na kijiko kizito kikining'inia chini yake. Wa pamba na wa sufu hunyooka vizuri. Akriliki hubaki na mawimbi kidogo, ila unafumika.

Ukikauka, mtoto anyooshe mikono mbele, shada livishwe viganjani mwake, na wewe ukunje donge.